Simu Ipi Itahimili Munyu wa Amu?

Swali la msomaji, kwa ufupi, ni hili. Yeye ni nahodha wa motaboti anayevusha abiria baina ya Mokowe na mji wa Lamu, yaani Amu, na mara nyingine huwapeleka hadi Faza. Katika miaka mitatu ameharibikiwa na simu mbili. Ya kwanza ilianza kukubali chaji pale tu waya ulipoinamishwa upande mmoja, kisha ikakataa kabisa. Ya pili huzimika ghafla huku ikionyesha kuwa imebakisha asilimia 30, hasa akiwa baharini, naye ameitia kwenye droo. Sasa ana shilingi 25,000, na dukani ameonyeshwa simu tatu zinazoingia katika kiasi hicho: Samsung Galaxy A16 mpya, Infinix mpya ya ukoo wa Hot ambayo boksi lake limeandikwa ramu (memori ya kufanyia kazi) ya GB 16, na iPhone XR ya mtumba iliyotoka Uingereza. "Ami," anauliza, "ni ipi katika hizi ambayo haitanirudisha kwa fundi kabla ya mwaka kwisha?"

Mwanangu nahodha, jibu la haraka ni kwamba ukilazimika kuchagua moja katika hizo tatu, chukua Samsung. Jibu lenyewe hasa ni refu zaidi, kwa sababu zote tatu zitarudi kwa fundi kabla ya mwaka ikiwa zitaishi maisha yaleyale yaliyoziua zile mbili za kwanza. Mwenye duka hulinganisha simu kwa namba zilizochapwa kwenye boksi: megapikseli za kamera, ramu, ukubwa wa betri. Mimi niliyekaa kwenye meza ya ufundi, miaka ya mwanzo Malindi na sasa hapa Langoni, sijawahi kuletewa simu iliyokufa kwa uchache wa megapikseli. Naletewa simu zilizoliwa na munyu, zilizopikwa na jua, na zilizochajiwa kwa umeme usiotulia. Kwa hiyo nitaanza na maiti zako mbili, ndipo tuingie dukani.

Ile ya kwanza iliuawa na chumvi, au munyu kama tunavyouita hapa Amu, na dalili ya waya kuinamishwa inaelekeza huko. Tundu la chaji la aina ya USB-C lina pini 24 zilizopangwa juu na chini ya kiulimi chembamba, na baina ya pini moja na jirani yake hakuna hata milimita moja. Maji ya mvua yakiingia hapo yakakauka, mara nyingi hayaachi kitu cha maana. Maji ya bahari yakikauka huacha chumvi, na chumvi hunyonya unyevu wa hewani, kwa hiyo usiku hewa yetu inapokuwa nzito ile chumvi hurudi kuwa majimaji hata kama simu haijaguswa na tone jingine. Ukichomeka chaja wakati huo, umeme wa volti 5 hupenya katika majimaji hayo kutoka pini hadi pini, na shaba iliyo chini ya ule mng'aro wa dhahabu huanza kuliwa kidogokidogo. Ule ukungu wa kijani unaoonekana ukimulika tundu kwa tochi ndio shaba yenyewe inayotoka. Pini zikishapungua, waya hushika upande mmoja tu, nawe huanza kuuinamisha, na kuinamisha huko hukilegeza kile kiulimi mpaka siku kinapovunjika.

Si lazima simu ianguke majini ndipo hayo yatokee. Wakati wa kusi, rasharasha za mawimbi zikipanda hadi kwenye turubai la boti, mikono yako imelowa, mfuko wa suruali umelowa, na simu inatoka na kuingia humo mara ishirini kwa siku. Kava la mpira ambalo watu hulinunua kwa kudhani linalinda simu huongeza balaa, kwani hushika jasho na maji ya chumvi baina yake na mwili wa simu, likayaelekeza chini kwenye tundu. Likitolewa kila jioni likaoshwa kwa maji ya mfereji na kukaushwa, ni kava zuri. Lisipotolewa kwa mwezi mzima, ni afadhali simu ikae uchi.

Simu nyingi za siku hizi hutambua unyevu tunduni na kukataa chaji, zikionyesha alama ya tone la maji au ujumbe wa onyo. Watu wameshagundua hila: huzima simu kabisa, wakachomeka chaja, na baadhi ya simu hukubali. Ninaomba usiifanye hila hiyo kamwe. Onyo hilo si kasoro ya programu, ijapokuwa wengi huniletea simu wakitaka niiflashi, yaani niitie programu upya, ili liondoke; ni programu inayosema kweli kuhusu hali ya chuma. Nyingine itakayokudanganya ni ile chaja ya sumaku, yenye kichwa kidogo kinachobaki tunduni daima. Inaonekana kama suluhisho, lakini kichwa kile hufungia unyevu ndani na kina pini zake zilizo wazi nje, nazo huoza vilevile.

Ni jambo la faraja kwamba katika simu nyingi za Android za bei ya kati na ya chini tundu la chaji halikupigwa lehemu kwenye bodi kuu. Limekaa kwenye bodi ndogo ya chini, pamoja na maikrofoni, na fundi akifungua skrubu chache huitoa na kutia nyingine kwa gharama ndogo kuliko unavyodhani. Inawezekana kabisa kwamba simu yako ya kwanza ilihitaji hicho tu. Kama bado unayo, ilete.

Sasa kuhusu yale maneno "haiingii maji" unayoambiwa dukani. Uwezo huo hupimwa kwa herufi IP na tarakimu mbili: ya kwanza ni ya vumbi, ya pili ni ya maji. IP54, ambayo Galaxy A16 inayo, maana yake ni kwamba vumbi haliingii kwa kiasi cha kudhuru na kwamba simu imehimili kunyunyiziwa maji kutoka kila upande. Haina maana ya kuzamishwa. IP67, ambayo iPhone XR ilizaliwa nayo mwaka 2018, ni kuzama katika kina cha mita 1 kwa muda wa dakika 30. IP68 huenda chini zaidi, kwa kina anachotaja mtengenezaji mwenyewe. Matoleo kadhaa ya karibuni ya Infinix na Tecno nayo yameandikwa IP54 au IP64, kwa hiyo usisome jina la simu. Soma namba ya toleo lile lile unalonunua, kwa maana ndugu wawili wa ukoo mmoja huweza kutofautiana.

Yako mambo mawili ambayo muuzaji hatakuambia. Vipimo hivyo hufanywa kwa maji matamu, na vile vya kuzamisha kwa maji yaliyotulia, na bahari si maji matamu wala haitulii. Tena kinachozuia maji ni gundi na vipande vyembamba vya mpira, vitu vinavyozeeka kwa joto na ambavyo hukatwa mara simu inapofunguliwa. Apple yenyewe husema kwamba kinga hiyo si ya kudumu na kwamba dhamana ya kawaida haifuniki madhara ya maji. Ndani ya iPhone kuna hata kikaratasi kidogo kinachogeuka rangi kuwa chekundu kikiguswa na maji, ili fundi wao asibishane nawe. XR ya mtumba iliyokwisha kubadilishwa kioo au betri, na nyingi zimebadilishwa, IP67 yake imebaki katika historia.

Ikitokea simu imetumbukia baharini ukaiopoa, izime papo hapo, itoe laini, na usijaribu kuiwasha ili kuona kama ni nzima, kwani wengi huiua kwa udadisi huo. Kama ni simu yenye kinga ya IP67 au IP68 ambayo haijafunguliwa, isuuze kwa maji matamu, kwa maana chumvi ikibaki itaendelea kula hata simu ikikauka. Kama haina kinga, usiisuuze. Ipanguse na uilete siku hiyohiyo ifunguliwe na kusafishwa kwa spiriti safi na burashi laini. Ule mtindo wa kuifukia katika mchele achana nao. Mchele haunyonyi chumvi, na mwaka 2024 Apple ilitoa ushauri wa wazi dhidi yake kwa kuwa chembe za mchele huweza kuingia na kuidhuru simu. Huku kwetu naongeza kwamba mchele wenyewe una unga, na nimeshautoa kwenye matundu ukiwa umegeuka uji.

Simu ya pili ni hadithi tofauti, na kwa maoni yangu hiyo haijafa. Asilimia unayoiona kiooni ni makadirio yanayofanywa na programu. Inachohitaji simu hasa ni volti. Seli ya lithiamu iliyojaa huwa na volti 4.2 au zaidi kidogo, nayo simu hujizima yenyewe volti zinapokaribia 3. Betri inapozeeka, ukinzani wa ndani yake huongezeka, kwa hiyo kila simu inapotaka umeme mwingi kwa mpigo mmoja, volti huporomoka ghafla hata kama ndani bado mna akiba. Simu huona volti zimeanguka, ikazima ili kujilinda. Ukiichomeka kwenye chaja hurudi na kukuonyesha ileile 30, nawe unadhani ina jini.

Kwa nini hasa baharini? Kwa sababu mbili zinazokutana. Ukielekea Faza na minara ikiwa mbali, redio ya simu hupaza sauti kwa nguvu zake zote ili isikike, na hapo ndipo inapotaka umeme mwingi kwa mpigo. (Utaliona jambo hilo hata mjini: ndani ya nyumba za mawe, zenye kuta nene za matumbawe, simu hupata joto na kula chaji ikiwa mfukoni tu, kwa kutafuta mtandao.) Sababu nyingine ni jua. Apple hushauri simu zake zitumike katika joto la baina ya nyuzi 0 na 35, na betri za makampuni mengine ni za kemia ya aina hiyohiyo. Wakati wa kaskazi kivulini kwetu huzidi nyuzi 30. Sasa iweke simu nyeusi mbele ya usukani, juani, ikiwa inachajiwa, na mahesabu utayafanya mwenyewe. Joto la namna hiyo huzeesha betri upesi kuliko inavyozeeka ile ya mtu wa Limuru, kwenye baridi ya bara.

Kisa kinachojulikana zaidi duniani kuhusu ugonjwa huu ni cha Apple. Mwaka 2017 kampuni hiyo ilitoa sasisho lililopunguza mwendo wa iPhone zenye betri iliyochoka, ili zisizimike ghafla, lakini haikuwaeleza wenye simu waziwazi; ilipokiri mwezi Desemba mwaka huo watu walikasirika, na mwaka 2018 ikapunguza bei ya kubadilisha betri hadi dola 29. Wengi waliokwisha kuamini kwamba simu zao zimezeeka waliziona zikirudi ujana kwa betri mpya tu. Ndiyo maana nasema, kabla ya kutoa 25,000 yako, tia betri mpya katika simu ya droo. Angalia kwanza kama kioo au mgongo umeinuka. Ukiinuka, betri imevimba: usiibonyeze, usiichomeke, usimruhusu mtoto aichezee, iletwe hivyohivyo. Na betri unayotiliwa usiichague kwa namba kubwa iliyoandikwa juu yake. Betri yenye umbo lilelile la ya asili lakini inayodai kubeba umeme mara moja na nusu zaidi imeandikwa uongo.

Hapo niingize neno kuhusu kuchajia botini, maana hukuitaja lakini najua mnavyofanya. Umeme unaotoka kwenye injini ya boti hupanda na kushuka kwa kadiri unavyokanyaga mwendo, na kile kichaja cha gari cha bei rahisi kilichounganishwa kwa nyaya mbili kwenye betri ya volti 12 hakina uwezo wa kuutuliza. Siku kinapoungua, huweza kuipelekea simu umeme usiostahili, na hapo chipu ya chaji iliyo kwenye bodi kuu ndiyo inayokufa, kazi ambayo si ya skrubu tena bali ya lehemu na hadubini. Nunua pawabanki, uijaze nyumbani, uichukue botini ikiwa ndani ya mfuko mkavu. Ni gharama ndogo kuliko bodi.

Sasa twende dukani, tuanze na iPhone, kwa kuwa ndiyo iliyokukaa moyoni. Nimeona ulivyoitaja mara tatu katika ujumbe wako. Avumaye baharini papa, mwanangu. XR ni simu iliyoundwa vizuri: chipu yake ya A12 bado ni nyepesi kwa WhatsApp, ramani na M-Pesa, na ina jambo moja ambalo A16 haina, nalo ni kuchajiwa bila waya. Kwa mtu ambaye adui yake ni tundu la chaji, hilo si jambo dogo, na ningekuwa mwongo nisipolitaja. Lakini ilitoka mwaka 2018. iOS 26, toleo la programu kuu ya iPhone lililotolewa Septemba 2025, haikubali simu iliyo chini ya iPhone 11, kwa hiyo XR imebaki kwenye iOS 18, ikipokea marekebisho ya usalama kwa muda ambao Apple yenyewe itaona inafaa. Betri yake ni ya mAh 2,942 (kipimo cha umeme ambao betri hubeba), dhidi ya 5,000 ya A16. Betri hiyo ikiwa ya asili, ilibuniwa kubakiza asilimia 80 ya uwezo baada ya mizunguko 500 ya chaji, na kwa umri wake mizunguko hiyo imekwisha zamani. Ikiwa imebadilishwa, hujui ni nani aliyeitia wala gundi ya kinga aliirudisha au la.

Mtumba una mitego mingine. Simu ikiwa imefungwa kwa akaunti ya iCloud, yaani akaunti ya Apple, ya mtu mwingine, hakuna fundi wa halali atakayeifungua, na anayekuambia anaweza anakula pesa zako. Ikiwa imefungiwa mtandao wa kampuni ya huko ilikotoka, haitakubali laini yako. Sehemu ya mipangilio inayoeleza habari za simu husema wazi kama ina vizuizi vya laini. Mfumo wa kufunguliwa kwa uso umeoanishwa na bodi ya simu ile ile, kwa hiyo ukiharibiwa na maji haubadilishwi kwa kununua kipuri cha mtaani. Jaribu hayo yote ukiwa dukani, kwa laini yako mwenyewe, si kwa maneno. XR ya bei hiyo ni simu ya mtu anayefanya kazi ofisini.

Infinix nayo isidharauliwe. Kampuni inayomiliki Infinix, Tecno na itel, yaani Transsion ya Shenzhen, ndiyo inayouza simu nyingi kuliko zote barani Afrika, na matokeo yake ni kwamba vipuri vyake vinapatikana hata katika vibanda vya Mpeketoni. Bodi ndogo ya chaji, kioo, betri, vyote huviona kwa haraka na kwa bei ya chini. Kwa upande wa mwendo, chipu ya Helio G99 ya MediaTek iliyo ndani ya A16 ya 4G ndiyo hiyohiyo, au ndugu yake, iliyomo katika simu nyingi za Infinix na Tecno, kwa hiyo anayekuambia Samsung ni "nyepesi zaidi" anasifu jina.

Ninachokigomea ni ile GB 16. Soma herufi ndogo za boksi utakuta imeandikwa 8+8. Nane za kwanza ni ramu ya kweli. Nane nyingine ni sehemu ya memori ya kuhifadhia iliyoazimwa ijifanye ramu, nayo ni ya mwendo mdogo mno kuilinganisha na ramu, tena huongezewa kazi ya kuandikwa na kufutwa bila kupumzika. Ni sawa na kuuita ua wa nje chumba cha kulala kwa sababu una kitanda. Ukiinunua, ingia kwenye mipangilio uizime nyongeza hiyo. Simu yenye nane za kweli haiihitaji. Kasoro nyingine ya simu za bei hii ni kuja zimejaa programu usizoziomba na matangazo yanayojitokeza kwenye kioo cha kufungulia. Mengi huweza kuzimwa, lakini itakuchukua jioni nzima.

Kubwa zaidi ni masasisho, yale mnayoyaita apdeti. Simu nyingi za Infinix na Tecno za bei ya chini huahidiwa toleo moja au mawili ya Android na miaka michache ya marekebisho ya usalama, na baadhi haziahidiwi lolote la maana. Samsung iliahidi A16 matoleo sita ya Android na miaka sita ya usalama, ahadi ambayo kwa simu ya bei hii haikuwako kabla yake. Kwako wewe hili si mapambo. Nauli zako zinaingia kwa M-Pesa, na simu ambayo mashimo yake ya usalama hayazibwi ndiyo inayotekwa na faili la programu lililotumwa kwenye kikundi cha WhatsApp kwa jina la picha za harusi. Sasisho halitakukinga na ujinga wa kulifungua faili lile, lakini hupunguza yale linaloweza kufanya likiwa ndani.

Wapo wanaoogopa masasisho kwa sababu wamesikia kwamba huharibu vioo. Mstari wa kijani unaoshuka kwenye kioo cha AMOLED (aina ambayo kila nukta hujitolea mwanga wake) baada ya sasisho ni jambo lililotokea kweli katika baadhi ya matoleo ya Samsung na OnePlus, hata kampuni hizo zikabadilisha vioo vya baadhi ya wateja nchini India bila malipo. Mstari wenyewe hata hivyo ni hitilafu ya kioo na nyaya zake nyembamba. Simu inapofanya sasisho hufanya kazi nzito na kupata joto kwa muda mrefu, na kioo kilichokuwa kimeshaanza kuchoka huweza kujionyesha hapo. Fanya sasisho usiku, nyumbani, simu ikiwa nje ya kava na chini ya feni. Usilifanye ukiwa juani ukisubiri abiria Mokowe.

Kwa hiyo A16, kwa sababu ya IP54 ambayo haijafunguliwa na mtu, betri changa ya mAh 5,000, na miaka ya usalama iliyobaki. Ina kasoro zake. Boksi halina kichwa cha chaji, nawe ukinunua cha bandia utakuwa umeanza safari kwa mguu mbaya; chukua cha asili cha wati 25. Haina tundu la spika za masikio. Kioo chake cha AMOLED ni kizuri juani kuliko LCD za bei hii, lakini kikivunjika kipuri chake ni ghali, na mafundi wengi watakutilia kioo cha aina nyingine kilicho kinene zaidi na chenye mwanga mdogo, bila kukuambia. Uliza kabla, na udai kipande cha zamani urudishiwe. Ukiikuta A17 iliyotoka mwaka 2025 kwa tofauti ya shilingi elfu moja au mbili, ichukue. Kama tofauti ni kubwa kuliko hiyo, pesa hizo zitumie kwa mfuko wa kuzuia maji na pawabanki, ambavyo vitarefusha maisha ya simu yako kuliko tofauti ya namba moja katika jina.

Ukishaitoa dukani, piga *#06# uhakikishe namba ya IMEI, yaani kitambulisho cha simu, inayotokea ndiyo iliyochapwa kwenye boksi. Uliza pia kama simu iliwahi kutolewa kwa mkopo wa kulipa kidogokidogo, kwani iliyokatizwa malipo huweza kufungwa kutoka mbali ikiwa mikononi mwako, na aliyekuuzia utakuwa humwoni tena.

Na ile ya droo, ikishatiwa betri mpya, ndiyo iwe simu ya boti: laini ya abiria iwe humo, ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa shingoni, na kwa kuwa haitakuwa na M-Pesa wala picha za familia, ikitumbukia utakuwa umepoteza simu tu. Nyingine, yenye laini ya pesa, ibaki imefungiwa pakavu. Mpaka siku utakayoileta, iwapo haijavimba, usiiache ikiwa imekauka chaji kabisa, kwani seli iliyolala bila umeme kwa miezi haiamki. Ijaze mpaka karibu nusu, uizime, uirudishe droo iliyo mbali na dirisha.